Mchanga Uliopita Tumboni mwa Pono

Ukifika Jambiani, kisiwani Unguja, maji yamekupwa, chota mchanga mkavu kiganjani, ule mweupe uliolainika kama unga uliochekechwa, kisha ukamulie ndimu. Subiri kidogo. Mapovu madogo madogo yataanza kupanda, na ukiusogeza mkono sikioni utausikia mchanga unachemka kwa sauti ya chini sana. Fanya vivyo hivyo kwa mchanga wa mtoni kutoka bara: utalowa tu, basi. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni vipande vya mawe ya kwatsi, ambayo asidi ya ndimu haiyawezi. Mchanga wetu ni kalisiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la yai, na karibu kila chembe yake iliwahi kuwa sehemu ya mwili wa kiumbe: tumbawe, kombe, kauri, mwani mgumu wa kijani unaohifadhi chokaa mwilini mwake. Yale mapovu ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka humo.

Lakini tumbawe ni jiwe. Nani amelisaga mpaka likawa unga? Mawimbi yana sehemu yao. Wapo pia wasagaji walio hai, na hodari wao ni samaki tunayemwona sokoni karibu kila siku: pono. Meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, na kwa mdomo huo hukwangua mwani unaoota juu ya mwamba na ndani ya matumbawe yaliyokufa, akiondoka na punje za jiwe kila anapong'ata. Kooni ana meno mengine, kinu hasa, yanayousaga mchanganyiko huo mpaka unakuwa uji. Matumbo yananyonya chakula, na jiwe lililosagwa linatoka nyuma kama wingu jeupe, linatua taratibu chini. Ukizamisha kichwa kwenye mwamba wenye pono wengi utasikia sauti ya kung'ata kabla hujamwona samaki mwenyewe. Pono mmoja wa aina kubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Huko Maldives, ambako visiwa vizima vimejengwa na mchanga wa namna hii, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mchanga mpya katika miamba iliyopimwa ulitengenezwa na pono.

Mama yangu mkubwa ni mkulima wa mwani, na pwani ile ameikanyaga tangu utoto wake. Siku niliyomweleza habari hizi alikuwa amekaa barazani anakata vikamba vya kufungia mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mchanga uliomganda miguuni, akasema: "Mwanangu, ungeniachia mchanga wangu ukabaki mchanga."

Nimelifikiria jibu lile kwa muda mrefu. Halikuwa jibu la mtu asiyetaka kujua, maana mambo ya bahari anayoyajua yeye siyajui hata robo. Alikuwa anaulinda ule weupe wa alfajiri ambao ameupenda miaka yote bila kuudai maelezo. Alihofu kwamba kesho akishuka pwani, mahali pa mchanga ataona kinyesi cha samaki. Na mimi niliyemweleza, nilikuwa nimempa kitu au nimemnyang'anya?

Tunayo methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiifuata mpaka mwisho wake, uzuri hauhitaji dalali, na mtu wa sayansi anayekuja na maelezo yake ni dalali ambaye hakuitwa. Mshairi wa Uingereza John Keats alilalamika hivyo mwaka 1819, kwa maneno makali zaidi. Isaac Newton alikuwa ameonyesha kwa kipande cha kioo kwamba mwanga mweupe umebeba rangi zote, na Keats akaona kwamba upinde wa mvua, uliokuwa ukiwatia watu hofu na mshangao, umefumuliwa na kuandikwa katika orodha ya vitu vya kawaida. Miaka mingi baadaye, katika mahojiano ya televisheni ya mwaka 1981, mwanafizikia Mmarekani Richard Feynman alimjibu rafiki yake msanii aliyekuwa na lalamiko kama hilo. Ua analolifurahia msanii, alisema, mimi pia nalifurahia. Kisha naona na seli zake, na najiuliza kama wadudu wanaovutwa na rangi ile nao wanaonja uzuri. Hakuelewa vipi elimu inaweza kupunguza. Kwake ilikuwa inaongeza tu.

Nampenda Feynman kwa moyo wake, lakini jibu hilo haliponyi hofu ya mama mkubwa. Feynman na Keats wote wanaupima uzuri kwa mizani moja ya sokoni: elimu ikiwekwa kwenye sahani, huyu anasema uzuri umezidi, yule anasema umepungua. Wanasahau kwamba kabla ya kupima lazima ujue unapima nini. Na hapo ndipo elimu inapoanza kazi. Inatuambia tunatazama kitu gani.

Mwanafalsafa Allen Carlson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, amelitetea wazo hili tangu miaka ya 1970. Anasema kwamba mchoro huwezi kuuonja sawasawa bila kujua ni wa aina gani, na maumbile nayo ni vivyo hivyo, isipokuwa aina zake hazikupangwa na mchoraji. Tunazijua kwa elimu ya viumbe, ya miamba, ya hali ya hewa. Mfano wake mmoja ni nyangumi, nasi tunaweza kuujaribu hapahapa. Wakati wa kusi, kuanzia Julai hivi, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka maji ya baridi ya Antaktika kuja kuzaa katika maji yetu ya joto, na wavuvi wa Kizimkazi na Nungwi huwaona. Mtazame kama samaki, utaona samaki mzito, mzembe, anayeelea juu kama aliyeshindwa kuzama. Sasa kumbuka kwamba ana damu ya moto kama yako, ana mapafu, na yule mtoto ubavuni mwake ananyonya maziwa. Ule moshi anaoupuliza ni pumzi aliyokuwa ameibana. Uzito uleule uliouona uzembe unageuka utulivu wa mnyama mkubwa anayepanda kuvuta hewa. Mwili ni uleule, bahari ni ileile. Aliyebadilika ni yule uliyedhani unamtazama.

Kwangu mimi mfano wenye nguvu zaidi uko katika msitu wa Jozani.

Yule kima mwekundu ambaye asili yake ni Unguja peke yake, wazee wetu walimwita kima punju. Punju ni sumu. Jina lilitosha kumtenga. Tena kwa sura si mnyama anayekuvutia mara moja: mgongo wa rangi ya kutu, nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso mweusi, midomo ya waridi kama iliyopakwa, kitambi kinachoning'inia, na mikono isiyo na vidole gumba. Wataalamu wa Ulaya walipowapa kima wa ukoo huu jina lao walichukua neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa, kana kwamba mnyama ni kilema.

Anza na mkono. Kidole gumba kilichofifia mpaka kikawa kibonge kidogo kimeacha vidole vinne virefu vinavyonasa tawi kama ndoana. Anaporuka kutoka mti hadi mti, gumba lingekuwa kitu cha kukwamia. Nenda kwenye kitambi. Tumbo la kima huyu limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na ndani yake bakteria wanachachusha majani magumu ambayo wewe na mimi tungeyatapika. Ndiyo maana anaacha embe bivu na kula bichi: sukari ya tunda lililoiva ingeyachafua machachu yake. Kile kitambi ni kiwanda kinachofanya kazi mchana kutwa, na ule ulegevu wake baada ya kula ni wa mashine iliyotiwa mzigo.

Halafu kuna jambo la makaa. Kusini ya Jozani, ambako msitu unakutana na mashamba, kima hawa hula majani ya mikungu na miembe kwa wingi. Majani hayo yana lishe nzuri, lakini yana pia kemikali zinazozuia usagaji wa chakula na zinazoweza kudhuru. Watafiti waliowafuatilia miaka ya 1990 waliwaona wakishuka kwenye matanuri ya mkaa na majikoni mwa watu kuokota vipande vya makaa na kuvitafuna. Makaa hunasa kemikali zile tumboni na kuziacha protini. Ni kanuni ileile wanayoitumia madaktari wanapompa mkaa maalumu mtu aliyekunywa sumu. Watoto wa kima hujifunza kwa kuwatazama mama zao.

Fikiria hilo. Mnyama tuliyemwita sumu ndiye aliyegundua dawa ya sumu. Tangu nilipolisoma siwezi kumtazama kama zamani. Sina uhakika neno uzuri linatosha kwa ninachokiona sasa, lakini ni katika ukoo wa uzuri: kila kilichoonekana kasoro kimepata sababu, na sababu zote zinashikana kama nyuzi za ukili.

Wenye minazi walilalamika kwamba kima wanamaliza madafu machanga, na utafiti mwingine wa miaka hiyohiyo ulikwenda kuhesabu. Haukuona kwamba mavuno yamepungua kwa sababu yao. Minazi iliyoliwa zaidi ilielekea hata kuzaa zaidi, labda kwa vile kupunguziwa vitoto kunaupa mnazi nafasi ya kuvikuza vinavyobaki. Simaanishi kwamba mkulima anayelala na njaa aambiwe afurahie urembo wa kima. Mazao mengine hayana bahati ya mnazi, na malalamiko ya watu wa Pete na Ukongoroni yanastahili kusikilizwa kwa takwimu zilezile. Lakini ni vizuri tujue kwamba chuki nayo, kama mapenzi, huwa imekaa juu ya dai fulani, na dai linaweza kupimwa. Leo kima hawa wanahesabiwa kwa maelfu, na Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004.

Mikoko ya Chwaka ni somo jepesi zaidi. Matope meusi, harufu ya mayai viza, mbu. Hakuna anayepiga picha ya arusi pale. Ile harufu ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na wanaoitoa ni bakteria wanaoishi katika tope lisilo na oksijeni. Katika tope hilohilo mchu umesimamisha maelfu ya mizizi kama penseli, kila mmoja ukivuta hewa kwa niaba ya mizizi iliyozama, na mkoko unaiotesha mbegu yake ingali mtini, ikirefuka kama fimbo, ili ikidondoka ichome tope na kuanza maisha kabla maji hayajaibeba. Aliyejua hayo na akasimama pale maji yamekupwa, anaweza kuvumilia harufu. Mimi nimefika mahali pa kuipenda, ingawa mbu bado hawajapata mtetezi kwangu.

Wapo watakaosema haya yote ni macho ya kigeni, kwamba sisi watu wa visiwani tuliyapenda maumbile bila maabara. Sikubaliani nao kabisa. Mapenzi yetu kwa bahari na mbingu hayajawahi kuwa matupu. Mtu wa pwani hatazami maji tu. Anaona bamvua au maji mafu, na akiona bamvua anajua mwezi umeandama au umetimia, kwamba mwezi na jua vimejipanga mstari mmoja na kuvuta kwa pamoja, na kwamba kesho asubuhi maji yatakwenda mbali hata mtu afike kwenye mashamba ya mwani kwa miguu. Nyota zile zilizosongamana tunaziita Kilimia, kutokana na kulima. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hawakuona mapambo ya mbinguni peke yake. Waliona msimu, jembe, na chakula cha watoto. Uzuri wa Kilimia kwao ulikuwa tayari umejaa elimu.

Elimu ya leo imekipa Kilimia kina kingine. Nyota zake ziko umbali ambao mwanga, kwa kasi yake yote, huuchukua miaka kama 440 kuumaliza. Mwanga unaoingia jichoni mwako usiku wa Januari ukiwa umesimama barazani uliondoka kule katika miaka ya 1580, wakati Wareno walikuwa wakitawala pwani hii na hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, ambayo waliianza 1593. Umesafiri muda wote huo, tawala zikija na kuondoka, ukaishia kwenye mboni ya jicho lako. Sijui mtu anawezaje kuambiwa hivyo akaendelea kutazama chini.

Hata pono mwenyewe, kabla ya sayansi kumfikia, lugha ilikuwa imemfikia. Mtu asiyeamshika tunasema ana usingizi wa pono. Mtu wa kwanza kusema hivyo lazima alikuwa mvuvi wa usiku, aliyemkuta samaki huyu amejibanza mwambani hata anashikika kwa mkono. Wazamiaji wa sasa wameona zaidi: baadhi ya aina za pono hujifunika kila usiku kwa utando wa ute mwangavu wanaoutoa wenyewe, mwili mzima, kisha wakalala ndani yake. Watafiti waliouondoa utando huo waliona kwamba samaki waliobaki wazi walishambuliwa sana na vidudu vinavyonyonya damu. Pono analala ndani ya chandarua. Yule mvuvi wa zamani aliona usingizi. Sisi tumeongezewa chandarua, na msemo haukuharibika hata kidogo.

Pemba inatufundisha jambo la namna nyingine, la uzuri usioonekana mahali popote ila kwenye ramani ya kina cha bahari. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara ni wa maji madogo. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imekusanya maji ya dunia na bahari kushuka kwa mita kama 120, mtu angeweza kutoka Bagamoyo kuja Unguja kwa miguu. Ndivyo walivyofika chui na kima. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na haukukauka. Kisiwa kilibaki peke yake, na upekee huo ndio uliozaa bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule popo mkubwa anayening'inia mchana kwenye miti ya Kidike na msitu wa Ngezi.

Popo huyu, mabawa yake yakitandazwa, hufika mita 1.6. Ana uso wa mbweha na manyoya ya rangi ya machungwa shingoni. Hatumii mwangwi kama popo wadogo wa darini. Anaona kwa macho makubwa na kunusa matunda, na mbegu anazozidondosha huotesha msitu. Jamaa zake wa karibu hawapo Afrika bara, iliyo karibu kiasi cha kilomita 50. Wapo Madagaska, Komoro, Shelisheli, na kuvuka bahari mpaka Asia. Maana yake ni kwamba ukoo wake ulikuja kutoka mashariki, kisiwa kwa kisiwa, juu ya maji, upande uleule tuliopokea karafuu, na ambako wataalamu wengi wanaihusisha asili ya ngalawa yetu yenye matengo mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa mpaka wakakaribia kwisha. Wanavijiji wakaamua kuwalinda, na leo ni maelfu mengi. Jioni wanaporuka kutoka Kidike anga huwa nzito kwa mabawa. Mgeni anaona popo wengi. Anayejua habari ya mkondo anaona safari.

Nimesema jibu la Feynman, kwamba elimu huongeza tu, haliponyi hofu ya mama mkubwa. Sasa nieleze. Mwaka 2016 niliingia majini kwenye mwamba ambao nilikuwa nimeuzoea, nikaukuta umegeuka mweupe. Matawi yote, kama yaliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na hapa na pale rangi ya zambarau inayong'aa ambayo sijaiona kabla wala baada. Nilitoka nikasema sijawahi kuona mwamba mzuri namna ile. Nahodha wa chombo, mtu mzima, hakunijibu. Alisubiri nikauke ndipo akaniambia mwamba unakufa.

Tumbawe hai lina rangi kwa sababu ndani ya nyama yake unaishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kulilisha hadi asilimia 90 ya mahitaji yake. Maji yakizidi joto, uhusiano ule unavunjika na tumbawe linaufukuza mwani huo. Nyama inabaki ya kioo, na mfupa mweupe unaonekana kupitia kwake. Ile zambarau ni rangi za tumbawe lenyewe, ambazo kwa kawaida hufunikwa na wapangaji wake. Joto lisiposhuka kwa wiki kadhaa, linakufa kwa njaa. Mwaka 1998 yalikufa mengi sana katika upande wetu wote wa Bahari ya Hindi.

Picha za siku ile ninazo. Siwezi tena kuziona nzuri. Nimejaribu, nikajiambia ni rangi na umbo tu. Haiwezekani, ni kama kumsifia mgonjwa kwa wembamba wake. Elimu ilininyang'anya uzuri ule, na sitaki nirudishiwe. Kuna uzuri ambao ni haki kuupoteza.

Lakini elimu haina ulazima kila mahali, na hapa namuacha Carlson. Mwanafalsafa mwingine, Noël Carroll, alimjibu mwaka 1993 kwamba mtu anaweza kuguswa na maumbile moja kwa moja, bila aina wala darasa, na kuguswa kwake kukawa halali. Naamini hivyo kila magharibi bibi zetu wanapotunga asumini. Vikonyo vinachumwa bado vimefumba, vinapasuka usiku juu ya mto wa kulalia, na chumba kinajaa. Najua kwamba maua mengi meupe yanayonukia usiku yanawaita nondo, na kwamba harufu ni tangazo lao gizani. Ni habari nzuri. Ila harufu ya asumini chumbani mwa maharusi ilikuwa imekamilika kabla sijaisoma, na aliyeishi miaka 80 bila kuwajua nondo hao hakupungukiwa na kitu.

Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki karibu na mwaka 1040 na ambaye utafiti wake wa mwanga uliwatangulia kina Newton kwa karne nyingi, aliuweka uzuri katika orodha ya mambo ambayo jicho huyatambua. Alitofautisha kutupa jicho na kuzingatia. Vipo vitu ambavyo mtupo mmoja unatosha. Vingine vinadai kukaa navyo, kulinganisha, kukumbuka ulichojua kabla. Napenda kwamba mwanasayansi wa mwanga ndiye aliyeona haja ya kusema hivyo. Na sisi tuliopitia chuoni tulisoma mapema, katika Suratul Ghashiya, lile swali la watu kutomtazama ngamia namna alivyoumbwa. Swali haliulizi kama ngamia anapendeza. Linauliza namna.

Bamvua iliyopita nilishuka pwani na mama mkubwa kumsaidia kubeba. Alikuwa mbele, maji ya vifundoni, na sikuwa nimemtajia tena habari ya mchanga tangu siku ile ya barazani. Tulipofika penye mawe, kabla ya vigingi vyake, alisimama, akainama na kuvuta kanga kwa mkono mmoja. Juu ya jiwe palikuwa na mikwaruzo miwili miwili, mifupi, kama iliyochorwa kwa ncha ya patasi. Mingine ilikuwa myeupe safi. Akaipitisha kidole.

"Huyu kala jana," alisema. Akasogea hatua mbili, akanionyesha mikwaruzo iliyofifia. "Na hapa pa siku nyingi, pamekwishaota ukoga. Atarudi."

Akautupia jicho mchanga uliokuwa umekusanyika chini ya jiwe, akajitwika kamba zake, akaniambia tufanye haraka, maji yameanza kujaa.